Chumvi ina haraka, jinsi inaweza kungoja

Leba yoyote ya Morogoro, iwe ya mjini au ya Mgeta, ina swali lisilosubiri hata kitovu kikatwe: "Mmepata nini?" Kwa Waluguru swali hilo lina uzito wake. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na mashamba ya miteremko ya Uluguru yamerithiwa kwa mkondo huohuo. Bibi anayengoja nje na chupa ya uji, akiambiwa ni wa kike, anajua ukoo umeongezeka.

Kuna siku mkunga hana jibu. Anaona kiungo kikubwa kupita kisimi na kidogo kuliko uume. Tundu la mkojo liko chini yake, si nchani. Ngozi ya pembeni imekunjamana kama ya korodani, lakini akiipapasa kwa vidole hakuti kokwa ndani. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 4,500 hadi 5,000 huzaliwa hivyo, na wengi wao hawana viungo kamili vya pande zote mbili kama tunavyosimuliana mtaani. Mimba zote huanza na vichipukizi vilevile vya uzazi. Baada ya wiki kama sita hivi homoni huvielekeza upande mmoja au mwingine, na zikizidi, zikipungua, au mwili usipozitambua, umbo huishia katikati. Si laana, wala si mwiko ambao mama aliuvunja akiwa mjamzito.

Sababu inayojulikana sana, tena inayoua, haiko sehemu za siri. Iko kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtoto aliyerithi kasoro kutoka kwa baba na mama, wote wawili, tezi zake hushindwa kutengeneza kotisoli, na mara nyingi hushindwa pia kutengeneza homoni inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Badala yake zinamimina homoni za kiume. Akiwa wa kike, ndani ana mji wa mimba na ovari zake kamili, ila nje anafanana na mvulana. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu chumvi inamwishia. Ananyonya kivivu, anatapika, analegea, utosi unabonyea. Nyumbani watasema ni mchango, zahanati watashuku maambukizi ya damu. Asipopata haidrokotisoni na dripu ya maji ya chumvi kwa wakati, anakufa.

Mvulana mwenye kasoro hiyohiyo yuko hatarini zaidi, kwa sababu anazaliwa akionekana mzima kabisa. Tanzania haina utaratibu wa kumpima kila mtoto mchanga ugonjwa huu, kwa hiyo anarudi kijijini Kinole mgongoni kwa mama bila mtu kushuku lolote. Dada yake angalau umbo lake limepiga kengele. Familia iliyowahi kuzika kichanga kwa kutapika namna hiyo imweleze daktari mapema, maana kila mimba ya wazazi haohao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kurudia.

Ndiyo maana mkunga mzuri habahatishi. "Mwandike wa kiume, tutaona mbele ya safari" ni maneno ya kukwepa aibu ya siku moja kwa kumtwisha mtoto mzigo wa maisha. Aseme tu kwamba vipimo ndivyo vitakavyojibu, kisha rufaa ianze: sodiamu, potasiamu na sukari ya damu kwanza, ultrasaundi, halafu homoni na kromosomu kwa mabingwa. Tangu 2008 Nairobi hufundishwa madaktari bingwa wa homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na Watanzania wamepitia huko. Tangu Juni 2024 treni ya SGR huwafikisha watu Dar es Salaam, waliko mabingwa hao, kutoka Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Kazi ni kushuka kutoka milimani Nyandira wakati wa masika.

Kisu hakina haraka hiyo, labda mkojo uwe umezibwa. Machi 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 552, ikizitaka nchi zikomeshe upasuaji wa kurekebisha maumbile ya watu waliozaliwa hivi bila ridhaa yao. Nami naongeza la jando: mvulana ambaye tundu lake liko chini asitahiriwe kabla daktari hajamwona. Govi lile ndilo kitambaa cha kushonea njia mpya ya mkojo, na likishatupwa, kazi ya fundi inakuwa ngumu zaidi.

Wengine hawatambuliki siku ya kuzaliwa. Msichana anangojewa avunje ungo achezwe mwali, wenzake wanawekwa ndani mmoja mmoja, yeye anafika miaka 16 bila hedhi. Baadhi yao wana kromosomu za kiume ambazo homoni zake mwili haukuzisikia kamwe. Ni msichana na ataendelea kuwa msichana, na anastahili kuelezwa na daktari kabla kungwi hajaanza kunong'ona.

Nchini Kenya, mtoto wa umbo la katikati aliyezaliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliandikiwa alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi. Mama yake alikwenda mahakamani, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaitaka serikali iandae sheria na takwimu kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Sensa ya 2019 ikawahesabu 1,524. Huku kwetu kizazi hutakiwa kutangazwa ndani ya siku 90, muda ambao unaweza kutosha kupata majibu ya maabara iwapo rufaa haikucheleweshwa. Jina halina haja ya kungoja siku zote hizo: Bahati, Riziki na Furaha huitwa wa kike na wa kiume, toka Mgeta hadi Matombo.