Jirani Akipiga Yowe

Hapa Mkula, kama Usukuma kote, mtu akivamiwa usiku hupiga yowe, na jirani asiyetoka hutozwa faini na sungusungu. Desturi hiyo twaikubali bila ubishi. Mbona basi twasitasita jirani huyo anapokuwa nchi nzima?

Askari wetu wenyewe walipoasi Januari 1964, tulilazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Nigeria nayo ikatuazima askari wake, hata Jeshi la Wananchi likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Tulisaidiwa kabla ya kusaidia. Agosti 2003, mjini Dar es Salaam, nchi za SADC zilitia saini mkataba wa kulindana: akishambuliwa mmoja, wote hujibu.

Wajapani wamepita njia hiyo polepole zaidi. Katiba yao ya 1947 ilikataa vita. Mwaka 1954 wakaunda jeshi la kujilinda tu. Hata 2015 Bunge lao likaruhusu kumpigania rafiki aliyeshambuliwa, baada ya mabishano makali mbele ya umma.

Hapo ndipo tunapowahusudu. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017. Majeshi ya SADC yalikwenda huko tena Desemba 2023, na Machi 2025 wakuu wakaamua yaondoke, mji wa Goma ukiwa umekwisha kutekwa. Mzazi anayemtoa mwanawe ana haki ya kuuliza: anatumwa kwa shabaha gani, kwa muda gani, na nani atatoa hesabu? Maswali hayo twataka yajibiwe Bungeni, askari wakiwa bado kambini.