Maji moto Olkaria, pesa za Eastlands

Anayepanga safari ya kwenda kuoga maji moto kutoka Umoja, Kayole au Buruburu hahangaiki kutafuta wateja. Tangazo likiingia kwenye kundi la mtaa Jumatatu, kufikia Jumatano majina yamejaa. Kazi huanza Ijumaa jioni anapoomba watu wakamilishe malipo. Hapo ndipo simu huzimwa, mtoto wa fulani huugua ghafla, na yule aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha huuliza kama anaweza kulipa akiwa ndani ya gari.

Mitoko ya wikendi si jambo geni Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Vyama vya akina mama, vijana wa kanisa na timu za mpira zimekuwa zikikodi matatu tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo, na maji moto yamekuwa miongoni mwa vivutio vinavyouzika haraka. Bwawa la Olkaria lilifunguliwa mwaka 2013, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, na hujazwa na maji yanayobaki baada ya mvuke kutenganishwa kwenda kuzungusha mitambo ya umeme. Kabla ya hapo, maji moto kwa mtu wa Nairobi yalikuwa Bogoria, ambako yanatoka ardhini yakitokota na kazi yake kwa mgeni ni kuchemshia mayai na kupigia picha. Olkaria ilileta maji ambayo mtu anaweza kuingia na kukaa. Rangi yake ni samawati iliyopauka, kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu ya salfa mtu huizoea baada ya dakika chache. Mwenye pete ya fedha huambiwa aivue mapema, la sivyo itatoka nyeusi.

Mji wa Naivasha, ulio karibu na mbuga hiyo, uko takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Kutoka, kuoga, kula na kurudi ndani ya siku moja kunawezekana, na hilo ndilo linalouzwa.

Mwandalizi mmoja wa Umoja, aliyewahi kuuza mitumba Gikomba kabla ya kuingia kwenye safari, anasema watu wa nje huitazama biashara hii kwa bei ya tangazo na kudhani mwenyewe anaogelea kwenye pesa. Hesabu yake huifanya hivi. Tuseme basi lina viti 33 na kila abiria anatozwa Sh3,000. Hiyo ni Sh99,000 kwenye karatasi. Watano wasipotokea asubuhi, zimebaki Sh84,000, lakini mwenye gari hapunguzi hata senti, dereva anataka mafuta yale yale, na chakula kimeshapikwa. Zile Sh15,000 zilizopotea ndizo zilizokuwa mshahara wake. Amana? Huitoza, ndiyo, ila mteja aliyelipa amana na asisafiri hudai arudishiwe, na asiporudishiwa humchafulia jina katika kundi lile lile ambamo wateja wa mwezi ujao wanasoma.

Manung'uniko yake makubwa, hata hivyo, yako kwenye malango. Bwawa liko ndani ya mbuga, kwa hivyo mgeni hulipa kiingilio cha mbuga kwanza, kisha hulipa kiingilio cha bwawa. Gari nalo hulipiwa. Malipo ya mbuga hufanywa kwa jukwaa la serikali la mtandaoni, pesa taslimu hazipokelewi, na mfumo ukigoma kundi zima hukaa langoni likiangalia pundamilia. Anasema abiria hawajali ni mfumo wa nani uliogoma. Wanamjua yeye. Mteja aliyetoka Kayole saa kumi na mbili asubuhi akitaka kuoga hataki kusikia habari za intaneti, na kila nusu saa inayopotea pale huondolewa kwenye muda wa majini, kwa sababu saa ya kurudi haisogei. Mwenye gari anataka gari lake jioni. Jumatatu lina kazi.

Amewahi kupeleka malalamiko hayo, anasema, na kuambiwa kwamba kulipa mara mbili ni kulipia huduma mbili. Halipingi hilo. Anachouliza ni kwa nini mtalii wa siku moja anayeingia mbugani kwa ajili ya bwawa tu, asiyezunguka kutazama mnyama yeyote, hatozwi ada moja iliyounganishwa. Jibu hajapata. Huenda halipo, maana mbuga ina mwenyewe na bwawa lina mwenyewe, na kila mmoja ana kitabu chake cha hesabu.

Halafu kuna suala la mavazi, ambalo kwenye karatasi ni dogo na njiani ni kubwa. Bwawa linataka vazi la kuogelea. Kaptura ya jinzi hairuhusiwi, wala fulana ya kawaida. Abiria wake wengi, hasa mashosho wanaokuja kwa ajili ya magoti, hawamiliki vazi hilo na hawana mpango wa kulimiliki. Kwa hivyo mwandalizi hurudi Gikomba kwa wenzake wa zamani, hununua mavazi ya kuogelea ya mtumba kwa fungu, huyafua na kuyakodisha ndani ya gari. Anakiri kwamba kuna safari ambazo faida yote ilitoka kwenye begi hilo. Mashosho huchagua yale marefu yenye sketi, na anapofungua fungu jipya huyatafuta hayo kwanza.

Chakula ni ugomvi mwingine. Bustani nzuri za kandokando ya Ziwa Naivasha, zile zenye nyasi zilizokatwa na kivuli cha migunga, nyingi ni za hoteli, na hoteli nyingi haziruhusu chakula wala kinywaji cha nje. Sufuria ya pilau iliyopikwa usiku kucha huishia kuliwa kando ya barabara, watu wamesimama. Mwenye hoteli naye ana hoja: nyasi hazijikati zenyewe.

Ukimuuliza afisa wa sekta ya utalii hali ikoje, husikii habari za sufuria. Mmoja aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa alianza na wageni milioni 2.4 waliowasili nchini mwaka 2024, akaendelea na lengo la kufikisha milioni 5 ifikapo 2027, kisha akasema utalii wa ndani ndio uti wa mgongo. Takwimu ya kwanza ni ya kweli, ila ni ya watu wanaopita viwanja vya ndege na mipakani. Mkazi wa Dandora hayumo. Utalii wa ndani hupimwa zaidi kwa usiku unaolalwa hotelini, na mkazi huyo hakulala popote isipokuwa kwake Dandora. Amelipa gari, malango mawili, vazi la kukodi na nyama ya mbuzi, na bado kwa hesabu ya vitanda hakusafiri. Afisa alikubali kwamba wasafiri wa siku moja ni vigumu kuwahesabu, kisha akarudi kwenye uti wa mgongo.

Tofauti hiyo ina gharama. Asiyehesabiwa hapangiwi. Mafuta yalipopanda hadi zaidi ya Sh200 kwa lita mwaka 2023, baada ya ushuru wa VAT kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, mahoteli yalikuwa na watu wa kuyasemea mezani. Waandalizi wa mitaani hawakuwa nao. Walipandisha bei kidogo, wakapoteza wateja kidogo, wakainua mabega. Matatu inayotoka nje ya njia yake huhitaji kibali maalum, na iliyo nacho hukutana na vizuizi vya barabarani kama ile isiyo nacho. Wenye nganya, zile matatu zilizopambwa, husema michoro na muziki unaovuta vijana ndivyo pia vinavyovuta kofia za polisi. Kuna jedwali lisiloandikwa la chai, na kila mwandalizi aliyezungumza alikuwa ameshaliweka kwenye bajeti.

Wanaotaka kujua biashara hii ingeweza kufika wapi hutaja Japani. Kule maji moto ni sekta kamili. Sheria ya 1948 inaeleza maji yapi yanastahili jina hilo: yatoke ardhini yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi, au yawe na madini yaliyoorodheshwa. Mgeni hufika nyumba ya wageni, huvua viatu, huoga kwa sabuni kwanza kabla ya kugusa bwawa, kisha hukaa majini akiangalia bustani ya mawe na misonobari. Hula pale, hulala pale. Juu ya bili yake kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa kichwa, ambayo hubaki kwa serikali ya mji ule ule kwa kazi zilizotajwa na sheria: kulinda chemchemi, zimamoto, usafi, kukuza utalii. Mwenye bwawa anajua pesa imekwenda wapi. Mwulize mwandalizi wa Umoja kiingilio cha langoni huishia wapi, atakuonyesha simu.

Kinaya ni kwamba katika umeme wa mvuke mwanafunzi amempita mwalimu. Kenya ina mitambo ya zaidi ya megawati 900. Japani, yenye volkano nyingi na hazina kubwa zaidi chini ya ardhi, ina takriban 550. Sababu mojawapo ni wenye nyumba za kuogea wenyewe, wanaohofia kwamba visima vya umeme vitakausha chemchemi zao. Kule bafu lilitangulia na umeme unaomba nafasi. Hapa umeme ulitangulia, kwa mitambo iliyoundwa Japani na kuanza kazi Olkaria mwaka 1981, na bafu likaja miaka zaidi ya 30 baadaye kutumia yaliyobaki. Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi huyu, si haki kutarajia huduma ya kihoteli pale. Anayeendesha bwawa kazi yake ni kuuza stima, na siku ya ukarabati waogaji watasubiri.

Njia mbadala zipo, zenye mapungufu yake. Kekopey, kando ya Ziwa Elementaita, watu huoga chemchemini bila madoido wala vyumba vya maana vya kubadilishia nguo. Magadi, zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi, ina mabwawa ya asili na viongozi wa Kimaasai, lakini matatu ya mtaani haiwezi njia ya mwisho, na jua la kule halimhurumii shosho. Bogoria ina hoteli yenye bwawa la maji vuguvugu karibu na lango la Loboi, ila kwa saa nne au zaidi kwenda tu, safari ya siku moja huwa ya kukaa kwenye kiti. Ziwa lenyewe lilifurika na kumeza sehemu ya chemchemi zilizokuwa kivutio. Hata Hell's Gate kunahitaji tahadhari: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 katika korongo la mbuga hiyo, na waandalizi wenye busara hawauzi tena korongo kwenye tangazo, hasa msimu wa mvua.

Kwa nini basi wateja hawaishi? Jibu liko nyumbani. Kuna mitaa ya Eastlands ambako maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki na siku nyingine mtu huoga kwa mtungi wa lita 20 alioununua. Kukaa saa tatu ndani ya maji moto bila kuhesabu jagi ni starehe ambayo haihitaji kuelezwa. Bustani nayo ni hivyo hivyo. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa mji wa bustani, nyumba zikizunguka viwanja vya nyasi. Buruburu ilikuwa na ua mbele ya kila nyumba. Leo ua umekuwa duka, saluni au vyumba vya kupangisha, na mtoto anayetaka kubingirika kwenye nyasi hulipiwa kiti.

Wateja hao wataendelea kulipa kiasi gani, hapo utabiri unakuwa mgumu. Afisa wetu anaona ukuaji. Mwandalizi wa Umoja anaona Desemba nzuri na Januari isiyo na mtu, kama kawaida, na ameacha mabasi. Sasa hukodi magari ya viti 14, mawili kwa wakati, kwa sababu 14 wanaolipa hupatikana upesi na gari la pili hufutwa Ijumaa usiku likikosa watu. Huenda akapata faida kwa njia hiyo. Huenda pia wenye viti 14 wakagundua nguvu waliyopewa na kupandisha kodi, jambo ambalo anasema limeshaanza kunong'onwa stejini.

Ushindani mwingine unatoka karibu zaidi. Donholm, Utawala na kando ya barabara ya Outer Ring kumefunguliwa vyumba vya mvuke, mbao ukutani na mimea miwili mitatu kwenye vyungu, ambako mtu hutoka jasho kwa sehemu ndogo ya bei ya safari na kurudi nyumbani kwa miguu. Joto lake ni la stima, na sehemu kubwa ya stima ya nchi hii hutoka Olkaria. Wenye vyumba hivyo wanalalamikia bei ya tokeni. Jioni stima ikipotea, mteja hurudishiwa pesa zake au hupangiwa siku nyingine.