Wazazi, Sikilizeni Kwanza Maneno

Bila shaka umepata kusikia watu wakibishana katika habari za televisheni juu ya muziki wa rap, yaani wa kufokafoka. Huyu asema wote ni uchafu, yule asema ni kilio cha vijana maskini.

Mwezi wa Juni 1993, huko Harlem katika mji wa New York, marehemu Mchungaji Calvin Butts wa kanisa la Abyssinian Baptist alileta mtambo wa kushindilia barabara ili asage kanda zenye matusi. Wapinzani wakasimama mbele ya mtambo. Basi kanda zikapelekwa kwenye ofisi za kampuni ya Sony, zikaachwa huko.

Lakini angalia: mchungaji huyo hakulaani kufokafoka kote. Alipinga nyimbo zinazowatukana wanawake na kusifu ukatili.

Wewe nawe, mzazi, usimkemee mwanao kwa sababu ya mdundo tu. Kaa naye, akufasirie maneno ya wimbo wake. Kisha muulize kwa upole, “Maneno haya ungemwambia dada yako?” Mwache ajibu mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.