Ugumu na "Nipe Mji": Maoni ya Wachezaji kuhusu Celeste, Mchezo wa Tarakilishi

Utangulizi

Mchezo wa tarakilishi ni kazi ya sanaa yenye sifa moja isiyopatikana katika riwaya wala tamthilia: humzuia mpokezi wake asisonge mbele mpaka athibitishe uwezo wake. Msomaji aliyeshindwa kuuelewa ukurasa wa 10 wa riwaya anaweza kuufunua wa 11. Mchezaji aliyeshindwa kuliruka shimo la 10 hatalijua la 11 kamwe. Kutokana na sifa hiyo, maoni kuhusu ugumu wa mchezo huwa pia maoni kuhusu nani ana haki ya kuufikia mwisho wa hadithi.

Makala haya yanaueleza mjadala huo kwa kurejelea Celeste, mchezo mgumu uliotolewa mwaka 2018 ukiwa na sura ya michezo ya miaka ya 1980. Hoja inayotetewa ni kwamba wachezaji wa Celeste, hata pale wanapoonekana kubishania ugumu, kwa hakika wanabishania bei: aliyeshindwa atozwe nini ndipo aruhusiwe kuendelea? Swali hilo si geni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili, kama itakavyobainika.

Mchezo Wenyewe

Waundaji wakuu wa Celeste ni Maddy Thorson na Noel Berry, na muziki wake ulitungwa na Lena Raine. Chimbuko lake ni mchezo mdogo ambao Thorson na Berry waliuunda kwa siku nne mwaka 2015 kwa kutumia PICO-8, programu inayomwekea mwundaji mipaka ya makusudi: kioo chenye nukta 128 kwa 128, na rangi 16 pekee. Mchezo kamili ulitolewa Januari 2018, nao ulidumisha sura hiyo ya kale. Picha zake zimejengwa kwa vijisanduku vya rangi vinavyoonekana waziwazi. Mwaka huohuo ulitunukiwa tuzo mbili katika The Game Awards, mojawapo ikiwa ya mchezo bora wa waundaji huru.

Msuko wake ni sahili. Madeline, msichana anayesumbuliwa na wasiwasi na huzuni, anaazimia kuupanda mlima uitwao Celeste, nchini Kanada. Njiani anakutana na bibi kizee anayemtania, na kijana msafiri aitwaye Theo. Anakutana pia na sehemu ya nafsi yake mwenyewe, ambayo imetoka katika kioo na kujipatia umbo, na ambayo inajitahidi kumrudisha chini.

Vitendo anavyopewa mchezaji ni vichache: kukimbia, kuruka, kuushikilia ukuta na kuupanda mpaka nguvu zimwishie, na kuchomoka hewani mara moja kuelekea upande mmojawapo kati ya pande nane. Kwa vitendo hivyo anatakiwa kuvuka mamia ya vyumba vilivyojaa miiba, mashimo na sakafu zinazoporomoka. Akigusa mwiba, Madeline hufa papo hapo, kisha hurejea mwanzoni mwa chumba kilekile bila kucheleweshwa. Si ajabu mchezaji kuumaliza mchezo akiwa amekufa zaidi ya mara elfu moja.

Urithi wa Michezo ya Kale

Ili kuyaelewa maoni ya wachezaji, ni sharti kwanza kutazama ugumu ulikotoka. Michezo ya awali ilichezwa katika kumbi ambamo mchezaji alitumbukiza sarafu mashineni. Kifo cha mhusika kilikuwa na faida kwa mwenye mashine, kwani aliyekufa alilazimika kutoa sarafu nyingine. Ugumu, kwa hiyo, ulikuwa njia ya biashara kabla haujawa suala la sanaa.

Michezo ilipohamia majumbani, desturi hiyo ilihamia nayo. Katika Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, mchezaji huanza na uhai mara tatu tu, na ukimwishia hurudishwa nyuma sana. Ghosts 'n Goblins, wa mwaka huohuo, ulikuwa na ukatili wa aina yake: aliyefika mwisho baada ya mateso mengi aliambiwa kuwa alichokiona ni hila tu, na kwamba hana budi kuucheza mchezo mzima upya. Wachezaji waliolelewa na michezo hiyo walijenga maadili yao: aliyeona mwisho ameustahili, na asiyeuona hana wa kumlaumu.

Celeste ulirithi miiba na mashimo ya zama hizo, lakini ulikataa adhabu zake. Hakuna idadi maalumu ya uhai, wala mchezaji harudishwi nyuma zaidi ya chumba kimoja. Super Meat Boy, mchezo wa mwaka 2010, ulikuwa umeitangulia njia hiyo. Ni vyema basi kutenganisha dhana mbili ambazo wachezaji wengi huzichanganya: ugumu wa tendo lenyewe, na uzito wa adhabu ya kulikosea. Celeste ni mgumu katika dhana ya kwanza, na mpole katika ya pili.

"Mgumu lakini wa Haki"

Sifa ambayo wachezaji wameutolea Celeste mara nyingi ni kwamba ni mgumu lakini wa haki. Maana yake ni kuwa mchezaji anapokufa huona kwamba kosa ni lake, wala si hila ya mchezo. Anaweza kutaja alichokosea: aliruka mapema mno, au alichomoka upande usiofaa. Kwa kuwa kosa linatajika, linarekebishika.

Hata hivyo, ukiona vyaelea vimeundwa. Haki hiyo haikujitokeza yenyewe. Mchezaji akichelewa kidogo na kubonyeza kitufe cha kuruka baada ya Madeline kuuacha ukingo, mchezo humruhusu aruke vivyo hivyo, mradi ucheleweshaji wenyewe ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Akibonyeza mapema kabla hajagusa ardhi, amri yake huwekwa akiba na kutekelezwa mara tu anapotua. Akigonga kona ya dari kidogo, husogezwa kando apite. Thorson ameyaeleza hadharani mambo haya, na wachezaji wengi walishangaa kuyasikia kwa kuwa walikuwa wamesaidiwa kwa saa nyingi pasi na kujua.

Jambo hili lina uzito katika mjadala. Wale wanaodai kwamba Celeste usio na msaada ndio Celeste halisi husahau kuwa hakuna Celeste usio na msaada. Kila mchezaji aliyefika kileleni alibebwa kidogo. Tofauti ni kwamba mmoja alibebwa kwa siri, na mwingine aliomba kubebwa kwa kinywa chake.

Ugumu kama Maana

Kundi jingine la wachezaji huutetea ugumu kwa hoja ya kifasihi. Kwao, hadithi ya Celeste ni ya mtu anayepambana na nafsi yake, hivyo mchezaji asiyepambana hawezi kuipata maana yake. Vidole vinavyochoka na moyo unaokata tamaa ni sehemu ya matini.

Hoja hii ina ushahidi mzuri ndani ya mchezo. Katika sura ya nne, Madeline na Theo wamo katika behewa linaloning'inia kwa kamba juu ya bonde. Behewa linakwama, na Madeline anashikwa na hofu kuu. Theo anamshauri afikirie unyoya unaoelea, na aupandishe na kuushusha kwa pumzi zake. Kitendo hicho hafanyiwi Madeline na msimulizi, bali mchezaji mwenyewe huudhibiti unyoya huo kwa vitufe, polepole, mpaka hofu itulie. Katika sura ya sita mbinu hiyohiyo inajaribiwa, na safari hii inashindwa. Baadaye Madeline anapatana na ile nafsi yake ya kiooni badala ya kuikimbia, naye anajaliwa uwezo wa kuchomoka hewani mara mbili badala ya moja. Maendeleo ya mhusika na maendeleo ya mkono wa mchezaji yanakuwa jambo moja.

Aidha, mchezo unamhimiza mchezaji ayaone makosa kwa jicho jema. Mapema humpa kadi ya posta inayomshauri ajivunie wingi wa vifo vyake, kwa kuwa anayekufa anajifunza. Msimamo huu hauko mbali na hekima ya Waswahili kuwa kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Wapo, hata hivyo, wachezaji wasioridhika na upande huu wa mchezo. Wao huona kuwa mawaidha yake ni ya waziwazi mno, na kwamba miiba ilikuwa tayari imeyasema yote kabla wahusika hawajafungua vinywa.

Mpangilio wa Usaidizi

Mzozo mkubwa zaidi ulihusu mpangilio wa usaidizi uliomo katika mchezo. Mchezaji anayeufungua anaweza kuupunguza mwendo wa mchezo hatua kwa hatua hadi asilimia 50, kumpa Madeline nguvu zisizokwisha za kushikilia kuta, kumwongezea idadi ya kuchomoka, kuiruka sura nzima, au hata kumfanya asife kabisa. Hakuna sehemu ya hadithi inayofichwa kwa aliyeutumia.

Wapinzani walisema kwamba mlango huo unaudhalilisha mlima. Ikiwa kilele kinafikika kwa kubadilisha mipangilio, aliyepanda kwa jasho ana lipi la kujivunia? Watetezi walijibu kwamba jasho halipimwi kwa kipimo kimoja. Mchezaji mwenye ulemavu wa mikono, au ambaye misuli yake haitii haraka, anaweza kutaabika kwa mwendo wa asilimia 70 kuliko kijana mwepesi anavyotaabika kwa mwendo kamili. Kumwambia kwamba hakuupanda mlima ni kumpima kwa mwili usio wake.

Kundi hili la mwisho lilikuwa na lalamiko jingine, nalo lilihusu lugha. Maelezo ya awali yaliyotangulia mpangilio huo yalisisitiza kuwa ugumu ni kiini cha mchezo, na yakapendekeza mchezaji aucheze kwanza bila msaada. Kwa baadhi ya wachezaji wenye ulemavu, maneno hayo yalimaanisha kuwa wao watapata nakala pungufu ya kazi hiyo. Mwaka 2019 waundaji waliyaandika upya kwa namna isiyombagua mtu. Hakuna kitufe kilichobadilika, ila maneno tu. Kwa mwanafunzi wa lugha, hili ni tukio la kuzingatiwa: msaada uleule ulikuwa huruma ulipoelezwa kwa maneno fulani, ukawa haki ulipoelezwa kwa mengine.

Inafaa kuulinganisha Celeste na Cuphead, mchezo mwingine mgumu wenye sura ya kale, uliotolewa mwaka 2017. Cuphead nao una njia rahisi, lakini anayewashinda maadui wake kwa njia hiyo haruhusiwi kupambana na adui wa mwisho. Njia rahisi humpa mchezaji nusu ya hadithi.

Kitendawili na Mji

Tofauti kati ya michezo hii miwili inaeleweka vyema kwa kurejelea utegaji wa vitendawili. Kitendawili pia ni kazi ya sanaa inayomzuia mpokezi wake. Mtegaji hutega, hadhira hujaribu, na mara nyingi hushindwa. Lakini utanzu huu haukumwacha aliyeshindwa nje ya mlango. Mtegaji husema, "Nipe mji." Aliyeshindwa humpa mji, naye mtegaji, baada ya kujigamba kwa safari yake katika mji huo, hulitoa jibu.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, msaada ni sehemu ya kanuni za utanzu wenyewe, wala hauhesabiwi kuwa udanganyifu. Hakuna anayedai kuwa aliyetoa mji hakushiriki kutegua vitendawili jioni hiyo. Pili, msaada una bei, na bei hiyo hulipwa kwa maneno tu. Mji unaotolewa haumpotezei mtu shamba wala nyumba, bali hulinda heshima ya mtegaji na kukiri kwamba fumbo lilikuwa gumu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kwa mtazamo huu, Cuphead unautwaa mji na kulizuia jibu. Celeste unalitoa jibu bila kudai mji. Yamkini hilo ndilo linalowaudhi wapinzani wa mpangilio wa usaidizi: si kwamba wengine wanafika kileleni, bali kwamba wanafika bila kutamka kuwa mlima ni mrefu. Lakini yafaa kuuliza iwapo mji haujalipwa tayari. Mchezaji anayefungua mpangilio huo amekwisha kusimama mbele ya miiba, akapima mikono yake, na akakiri kuwa haitoshi. Kukiri huko ndiko kutoa mji.

Waundaji wenyewe hawakuuacha kabisa utamaduni wa kudai mji. Sura ya ziada iitwayo Farewell, iliyotolewa mwaka 2019, ina lango ambalo halifunguki mpaka mchezaji awe amekusanya mioyo 15 ya kioo inayopatikana katika sura nyingine. Matunda ya stroberi, ambayo kuyachuma kunahitaji ustadi mkubwa, hayamfungulii mchezaji njia yoyote. Athari yake huonekana mwishoni tu, pale yanapoipendezesha pai wanayoandaliwa wahusika. Hivyo mchezo umetenga fahari na hadithi. Anayetaka fahari ana milima ya kutosha, na anayetaka hadithi hafungiwi.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa maoni ya wachezaji wa Celeste yana tabaka kadhaa. Wapo wanaousifu ugumu wake kwa kuwa ni wa haki, japo haki hiyo imejengwa kwa misaada iliyofichwa. Wapo wanaouona kuwa ndio maana yenyewe ya hadithi. Wapo pia wanaodai kuwa ugumu usiopimwa kwa mwili wa anayeukabili ni ubaguzi.

Pande hizi haziwezi kupatanishwa kwa kuuliza iwapo mchezo ni mgumu au rahisi, kwani mlima mmoja hauna kimo kimoja kwa wapandaji wote. Swali lenye tija ni lile ambalo mtegaji wa vitendawili aliliuliza zamani, na ambalo kila mtunzi wa kazi ngumu, awe wa shairi au wa mchezo, hana budi kulijibu: aliyejaribu kwa dhati akashindwa, ataombwa mji gani, na je, baada ya kuutoa, ataambiwa jibu?