Mashini yako inajuaje saa?



Vifaa vya kupima hewa vinavyofungwa katika galeri havipigi kelele tu gesi inapozidi. Vinapeleka vipimo kwenye ordinatere ndogo, nayo inaandika: gesi gani, kiasi gani, saa ngapi. Sisi wa dispanseri, neno tunalotafuta kwanza ni hilo la mwisho.

Kwa nini? Chukua moshi wa baruti. Ndani yake mna gesi ya rangi ya kahawia, ndugu ya asidi. Mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akapanda juu, akaoga, akala chakula pamoja na watoto wake. Saa nyingi baadaye, pengine usiku wa manane, mapafu yanajaa maji na pumzi inamkatika. Tukijua alivuta moshi saa ngapi, tunajua tumlaze mpaka lini na tumchunge, hata kama mwenyewe anasema hana kitu. Saa ikiwa ya uongo, tunaweza kumrudisha nyumbani mapema mno.

Basi tuulize: ile ordinatere inaijua saa kwa njia gani?

Umeme ukikatika, ordinatere inasahau saa. Nyingi za namna hiyo zinaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi huko Finland. Linux inahesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Ikiwashwa bila mtu wa kuiambia saa, inaweza kuamini kwamba leo ndiyo siku ile. Ndiyo maana ndani yake watu wanatia chipu ya saa yenye batri yake ndogo, inayoendelea kuhesabu hata umeme ukizima. IBM ilifanya hivyo katika ordinatere yake AT ya mwaka 1984, kwa chipu ya Motorola.

Saa hiyo inaongozwa na kipande cha kwarsi, ndugu wa mawe meupe unayoyaona kila siku katika mwamba. Kinatetemeka mara 32 768 kwa sekunde. Gawa hesabu hiyo kwa 2, gawa tena kwa 2, fanya hivyo mara 15: unabaki na 1. Hiyo ndiyo sekunde. Joto linakisumbua kidogo. Kwa hiyo kuna chipu kama DS3231 inayopima joto lake yenyewe na kujisahihisha. Katika baridi ya 0 mpaka joto la digri 40, haipotezi zaidi ya dakika 1 hivi kwa mwaka.

Sasa sikiliza vizuri. Chipu kuwa ndani ya sanduku haitoshi. Ordinatere ina kiini, yaani sehemu ya mfumo inayoamuru vyombo vyote, kama kapita mwenye ufunguo wa stoo. Lakini kiini hakijui lugha ya kila chipu. Lazima mtu aandike programu ya katikati. Mafundi wanaiita piloti, ingawa kazi yake ni ya mkalimani. Kiini kinauliza: saa ngapi? Piloti inakwenda kwa chipu, inasoma, inageuza, inaleta jibu.

Chukua chipu ya DS1307, inayojulikana sana. Haijitambulishi yenyewe. Mtu anayetaka kiini kiitambue anaandika kwanza kwamba katika waya fulani, kwenye anwani namba 104, kuna chipu ya jina hilo. Kisha piloti inasoma vyumba 7: sekunde, dakika, saa, siku ya juma, tarehe, mwezi na mwaka. Hapo pana mitego. Chipu haiandiki 45 kama ordinatere inavyoandika. Inaweka 4 upande mmoja na 5 upande wa pili. Piloti ikisahau kugeuza, inasoma 69. Dakika ya 69 umeiona wapi?

Mtego mwingine ni wa kusoma vyumba kimoja kimoja. Tuseme ni 10:59:59. Piloti inasoma saa, inapata 10. Kabla haijafika kwenye dakika, wakati unapita, dakika na sekunde zinakuwa 00. Inaleta jibu 10:00:00, na saa 1 nzima imepotea. Dawa yake ni kusoma vyumba vyote 7 kwa safari moja. Chipu yenyewe inashika hesabu isigeuke katikati.

Chipu mpya ikifanana na ya zamani, mtu haandiki piloti nyingine. Anaongeza jina lake katika orodha na kueleza tofauti zake. Hivyo DS3231 na DS1307 zinatumikiwa na piloti moja ndani ya Linux.

Lakini jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote ni alama moja ndogo. Batri ikifa na umeme ukakatika, DS1307 inaamka ikisema tarehe 1 Januari 2000, na katika chumba cha sekunde inaweka alama: nimesimama. Katika DS3231 alama inasema zaidi: nimesimama, au nilisimama kwa muda fulani kisha nikaendelea. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa. Mwaka 2000 kila mtu anauona na kucheka. Lakini saa iliyolala kwa saa 3 kisha ikaendelea, nani ataitambua? Tarehe ni ya leo, dakika zinakwenda vizuri, na kila kipimo kinachoandikwa ni cha uongo.

Mwandishi wa piloti ana njia mbili. Anaweza kuidharau alama na kuleta saa yoyote aliyoikuta, ili mashini isinung’unike. Au anaweza kurudisha jibu la kosa: saa sijui. Piloti ya DS1307 ndani ya Linux ya siku hizi inafanya hivyo ikikuta alama ya kusimama: inakataa kutoa saa mpaka mtu aiweke upya. Sisi tunalijua jambo hili kwenye karatasi ya joto la mgonjwa. Mahali peupe panamwambia munganga kwamba joto halikupimwa, naye atapima. Lakini 37 iliyoandikwa na mtu ambaye hakupima inamwacha mgonjwa na homa yake.

Ukiona kwenye kioo mwaka 1970 au 2000, au saa isiyolingana na ile ya lampisteri, usibonyeze kitufe ili maneno yaondoke. Mwite kapita. Andika kwa mkono, katika daftari, saa uliyoona kosa. Na mtu akiwa amevuta moshi, mwambie munganga kwamba saa ya mashini haiaminiki.

Fundi anayeweka saa upya aangalie pia jambo hili: Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa 1. Saa 14:00 yetu ni 13:00 kule, na ni 12:00 kwa saa ya dunia. Ni vizuri chipu ishike saa ya dunia, na ordinatere iongeze yenyewe 2 zetu. Wawili wakiweka kila mmoja saa ya kwao, vipimo havitapatana.

Na ile batri ya zamani? Mama, baba, hapa nasema nanyi. Iliyo ya kawaida inaitwa CR2032, bapa, inang’aa, upana wake milimita 20. Msiilete nyumbani mfukoni. Hata ikiwa haiwezi tena kuendesha saa, bado ina nguvu ya kuunguza koo la mtoto anayeimeza, na kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa 2. Mtoto akimeza, msimtapishe, msingoje mpaka alie. Mpelekeni hospitali mara moja akapigwe picha. Aliyepita mwaka 1, kama anameza vizuri na kama asali iko karibu, mpeni vijiko 2 vidogo kila dakika 10 mkiwa njiani, isipite mara 6. Aliye chini ya mwaka 1, hapana. Msipoteze muda kuitafuta asali. Mkifika mlangoni semeni neno batri kabla ya kutoa jina la mtoto.