Mfupa wa Mbuzi na Mfupa wa Tembo

Mama akipika mbuzi, msitupe mifupa upesi. Chukueni mfupa mrefu wa mguu uliovunjwa katikati, mkautazame. Ukuta wake ni mgumu sana. Ndani mna tundu lenye uboho, yale mafuta ambayo watoto hupenda kuyafyonza. Miisho yake miwili ni minene, nayo ndani ina vishimo vingi kama mkate.

Kwa nini Mwumba hakuujaza mfupa wote? Tazameni mwanzi. Nao una tundu, lakini upepo ukiuinamisha hauvunjiki. Kitu kikikunjwa, sehemu za nje ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi. Katikati hapapati taabu kubwa. Kwa hiyo mfupa wenye tundu ni mwepesi, tena una nguvu.

Kuku amepata wepesi kuliko mbuzi. Vunjeni mfupa wa bawa ulio karibu na bega: hamtaona uboho, maana ndani mna hewa tu.

Na tembo je? Mbuzi ana kilo 30 hivi, tembo dume aweza kufika kilo 6000. Labda mtasema: mguu wa tembo ni mguu wa mbuzi uliokuzwa. Sivyo! Finyangeni vipande 8 vya udongo, kila kimoja urefu, upana na kimo sawasawa. Pangeni 4 chini na 4 juu yake. Mmepata kipande kikubwa, kila upande wake ni mara 2 ya kile kidogo. Uzito wake ni mara 8, lakini kimekalia nafasi ya vipande 4 tu. Basi kila nafasi inabeba mzigo mara 2. Ndivyo ilivyo kwa wanyama: mwili ukikua, uzito huzidi upesi kuliko nguvu ya mifupa. Galileo, mtaalamu wa Italia, alieleza jambo hili katika kitabu cha mwaka 1638. Alichora mfupa mdogo, na mwingine wenye urefu mara 3. Ule mkubwa ni mnene hata haufanani na mwenzake.

Kwa hiyo mfupa wa paja la tembo ni mnene sana, wala hauna tundu wazi la uboho: ndani umejaa mfupa wenye vishimo. Hata hivyo unene peke yake hautoshi. Tembo husimama miguu imenyoka kama nguzo za nyumba, wala haruki. Mfereji ambao mbuzi anauruka akicheza, tembo hawezi kuuruka. Ndiyo sababu mahali pengine watu huchimba mifereji mirefu kulinda mashamba yao.

Kiboko naye ana mifupa mizito, na nafasi ya uboho ni ndogo. Wengi hudhani kwamba anaogelea mtoni. Kwa kweli anatembea chini ya maji, na uzito wa mifupa humsaidia asielee.