Ekari Zako Zimeandikwa Ngapi? Sajili ya Wakulima na Mbolea ya Ruzuku

Kila msimu wa mvua unapokaribia, wakulima wa Kianjai, Tigania Magharibi, husubiri ujumbe mfupi wa kuwafahamisha ni mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku wanayoweza kununua. Mkulima mmoja huupata, na jirani yake aliyepakana naye shamba asipate, au apate mifuko michache kuliko mahitaji yake. Aghalabu jibu liko katika taarifa zilizoandikwa siku ya usajili.

Taarifa hizo huhifadhiwa katika mfumo wa kitaifa wa usimamizi wa taarifa za kilimo, unaofahamika kama KIAMIS, ambao Wizara ya Kilimo iliujenga kwa usaidizi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Machifu, manaibu wao na wasajili wa vijijini huandika nambari ya kitambulisho ya mkulima, nambari yake ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake, mazao na mifugo. Vocha ya kielektroniki hutolewa kwa kufuata taarifa hizo. Mwaka wa 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500.

Chukua mfano wa mama anayelima ekari moja ya familia na nyingine mbili za kukodi. Akiandikisha ekari moja tu kwa kudhani kwamba za kukodi hazihesabiwi, atapangiwa mbolea ya ekari moja. Naye aliyeandikisha simu ya mwanawe anayefanya kazi Nairobi hatauona ujumbe wake. Kwa upande mwingine, anayeongeza ekari ambazo hana huchukua mbolea ambayo ingemfikia mwenzake.

Hata hivyo, kazi ya takwimu haiishii kwenye mbolea. Tangu Katiba ya 2010, huduma nyingi za kilimo ziko mikononi mwa kaunti. Ili kupanga idadi ya maafisa wa nyanjani, chanjo za mifugo au mbegu zinazofaa sehemu kavu, ni lazima ijulikane nani analima nini na wapi. Kwa miaka mingi, makadirio ya mavuno yametegemea sana macho na uzoefu wa afisa wa kilimo. Uzoefu huo una thamani, lakini afisa mmoja hawezi kuyafikia mashamba yote ya wadi.

Sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu wakazi 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, iliuliza pia kuhusu mazao na mifugo ya kila familia. Orodha kama hiyo huwawezesha wataalamu kuchagua mashamba machache kwa bahati nasibu, kuyapima, kisha kukadiria mavuno ya eneo zima. Tanzania ilitumia njia hiyo ya sampuli katika sensa yake ya kilimo ya 2019/20.

Takwimu sahihi huhitajika zaidi mvua inapokosekana. Meru ni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) hufuatilia hali yake kila mwezi. Iwapo makadirio ya mahindi na maharagwe ni makubwa kuliko mavuno halisi, upungufu wa chakula hautaonekana mapema, na msaada utachelewa.

Baadhi ya wakulima huhofia kutaja ekari zao, mbuzi wao au miraa yao kwa wasajili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu iliyo wazi. Pia inampa haki ya kuelezwa zitatumiwaje, kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Kabla ya kupanda, mkulima anashauriwa kuhakikisha mambo manne: kwamba nambari ya kitambulisho ni sahihi, simu iliyoandikishwa ni yake na inatumika, ekari zote anazolima zimetajwa, zikiwemo za kukodi, na mazao yaliyoandikwa ndiyo anayokuza sasa. Mwenye kasoro, au ambaye hajasajiliwa, amwone naibu wa chifu au afisa wa kilimo wa wadi akiwa na kitambulisho na simu yake. Afanye hivyo mapema, kwa maana marekebisho yakifanywa mvua ikiwa imeshaanza, mbolea inaweza kufika wakati mahindi yamekwisha kupandwa.